Mti Usiopita Goti

Nilipojenga nyumba yangu Limuru, niliazimia kwamba chini ya dirisha la sebule sitapanda kayaba kama majirani, bali juniperi ile ya kutambaa ambayo asili yake ni Amerika Kaskazini, ambayo kwa kawaida haizidi sentimita 30 kwenda juu na hutandaa mtelemkoni kama mkeka. Kabla ya kwenda kununua nilisoma sana, kwa kuwa mimi ni mwalimu na sipendi kudanganywa na muuza miche. Nilihifadhi kichwani kwamba juniperi nyingi zikiwa changa huwa na majani ya sindano yanayochoma, na baadaye hutoa majani mithili ya magamba ya samaki.

Katika kitalu kimoja cha kando ya barabara nilishika mche, ukanichoma, au pengine nilitaka sana unichome. Muuzaji, ambaye alikuwa akiutazama uso wangu kuliko mche, aliniuliza ninatafuta nini. Nilipomweleza, aliapa kuwa ndio wenyewe na kwamba haupiti goti. Nilinunua tisa.

Mwaka wa kwanza miche ilifika gotini, na sindano zikageuka magamba, jambo nililomweleza mke wangu kwa kirefu wakati wa chakula cha jioni. Mwaka wa pili ilifika dirishani. Jirani yetu, mzee mmoja seremala mstaafu, alisimama langoni akasema, "Mwalimu, hiyo miti yako ina haraka." Nilimjibu kwamba haijafunzwa kutambaa, kisha nikayafungia matawi mawe kwa kamba, hata bustani yangu ikafanana na mahali pa kufungia mbuzi. Mwaka wa tatu tulikuwa tukiwasha taa sebuleni saa sita mchana.

Ndipo vikatokea vitufe vya kijani kilichochanganyika na buluu, vyenye utando wa unga mweupe kama wa zabibu. Nilishangilia, kwani juniperi hujulikana kwa vitunda vya buluu, ambavyo kwa hakika ni koni zenye magamba yaliyonenepa na kuungana, na Wazungu huvitia katika pombe iitwayo jini na katika nyama ya mawindo. Wakwe zangu walikuwa wanakuja Jumamosi. Nilimwondoa mke wangu jikoni na kwa mikono yangu mwenyewe nikatia konzi nzima ya vitufe hivyo katika mchuzi wa mbuzi.

Baba mkwe alitafuna mara moja tu, na mlio uliosikika haukuwa wa nyama wala wa mfupa. Alikitoa kile kitu kinywani kwa adabu kubwa, akakiweka ukingoni mwa sahani, akatangaza kwamba ameshiba. Mama mkwe aliuliza kwa upole kama kuna mtu aliyemwaga tapentaini. Mzee seremala, ambaye tulikuwa tumemwalika, alitoa kisu mfukoni akakipasua kitufe chake.

"Mwalimu, tunda la mtarakwa likiiva unalibonyeza kwa vidole. Hiki ni kigumu, kimegawanyika vipande vipande, na kila kipande kina kijincha chake. Hii ni saiprasi. Umetupikia mti wa Krismasi."

Mke wangu alicheka hadi akalazimika kutoka nje. Mimi niliumia zaidi kwa jambo ambalo mzee hakulitaja, kwamba mtarakwa wenyewe ni juniperi, tena ya nyanda zetu hizi za juu, na kwamba nguzo zote za ua wangu, nilizouziwa na mzee huyo huyo, zilikuwa za mtarakwa.

Jumatatu nilichukua panga nikaikata miti yote tisa usawa wa goti, ili walau neno la muuzaji litimie. Saiprasi ikikatwa hadi palipobaki mti mtupu usio na majani haichipui tena. Yote ilikauka, na sasa mke wangu huanika sufuria juu yake.

Mzee alinihurumia akaniletea mche wa mtarakwa, mti ambao ukiachwa hufikia mita 30 na zaidi, nami nikaupanda mbali kabisa na dirisha. Hauna haraka hata kidogo. Huu ni mwaka wake wa pili, na kila mgeni akija, mzee huunyoshea bakora yake na kusema, "Ule pale ndio usiopita goti."