Mbwa Anayeanguka Kifafa Hastahili Rungu

Katika mitaa ya Malindi, mbwa akianguka ghafla, akakakamaa, akatokwa na povu na kupiga miguu kama anayeogelea, hukumu hupita kabla hajainuka: ana kichaa, amalizwe. Nimeishi na mbwa mwenye kifafa na nimeisikia hukumu hiyo ikitamkwa getini kwangu, huku kijana mmoja ameshika rungu. Ninaamini kwa dhati kwamba ni hukumu ya pupa, na kwamba anachohitaji mnyama huyo kwanza ni watu kutulia kwa dakika chache.

Kifafa hutokea pale seli za ubongo zinapofyatua umeme kwa pamoja bila mpangilio. Mbwa hupoteza fahamu, taya hubana, mate humtoka na pengine hujikojolea. Mara nyingi hali hiyo haizidi dakika mbili au tatu, ingawa anayeitazama huona kama saa nzima. Kinachofuata ndicho kinachowatisha watu zaidi, kwa sababu mbwa huinuka akiwa amezubaa, akijigonga ukutani na asimtambue hata anayemlisha. Mbwa wangu, German Shepherd, alipoinuka chini ya mwarobaini alitumbukiza miguu ya mbele ndani ya karai la maji, akasimama humo akiukodolea macho ukuta, mpaka nilipomwita taratibu akatikisa mkia.

Jirani yetu, bibi ninayemheshimu sana, aliniuliza kwa nia njema, “Mwanangu, huyo si keshashikwa na kichaa? Na watoto wapita hapa kwenda chuoni?” Lilikuwa swali la haki. Kichaa cha mbwa kipo nchini Kenya, kinaua, na mbwa aliyeambukizwa naye huweza kupatwa na mitukutiko. Tofauti huonekana baadaye: mwenye kifafa hurudia hali yake, akanywa maji na kula, ilhali mwenye kichaa hubadilika tabia, hushindwa kumeza, hupooza, na kwa kawaida hufa katika muda wa siku 10 tangu dalili zianze. Ndiyo maana cheti cha chanjo ni ngao ya mbwa mbele ya majirani. Nilimwonyesha bibi kile cha kwangu, na moyo wake ukatulia. Mbwa asiyechanjwa, au asiyejulikana ni wa nani, asiguswe kabisa. Watu wakae mbali na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeng’atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Hata mbwa aliyechanjwa, anapokuwa katika kifafa, hahitaji kushikwa sana, na hilo liwape faraja majirani wanaojihadhari na mate yake kwa sababu ya twahara zao, yaani usafi wa ibada. Ondoa viti na mawe yaliyo karibu naye, zima redio, watoe watoto, kisha tazama saa. Kijiko kisitiwe mdomoni, wala mkono, kwa kuwa mbwa hamezi ulimi wake na taya zake hazijui zinang’ata nini. Asinyweshwe maji, asinusishwe kitunguu. Ukiweza, mpige picha ya video kwa simu, maana daktari atakapofika mbwa atakuwa ameshasimama, na video hiyo itamweleza mengi kuliko maneno yetu.

Zikipita dakika 5 bila kifafa kukatika, au kikirudi ndani ya saa 24, hiyo ni dharura. Misuli inayotukutika huzalisha joto, na mwili ambao kwa kawaida huwa na nyuzi 38 hadi 39 unaweza kupita 41, hasa katika jua la kaskazi. Mwekeni kivulini, mlowesheni tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, kisha tafuteni tuktuk iwapeleke kwa daktari.

Si kila kifafa ni cha kurithi, ambacho aghalabu huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6. Sumu pia huleta mitukutiko, na hapa nina uchungu na desturi ya kuwaogesha mbwa kwa dawa ya kupe ya ng’ombe iliyopimwa kwa macho tu. Mtoto wa mbwa aliyepungukiwa sukari, au jike anayenyonyesha aliyeishiwa madini ya kalisi, naye huweza kuanguka. Sababu huitafuta daktari kwa vipimo vya damu.

Daktari akiamua kutoa fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, vidonge hivyo humezwa kila baada ya saa 12 na havikatizwi ghafla, kwa kuwa kukatiza kwenyewe huweza kuleta kifafa kikali zaidi. Mbwa asipewe dawa za jamaa mwenye kifafa kwa kukisia. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi za Casuarina na Mayungu, huku kwetu Malindi, mwenye mbwa husafiri na kumwachia askari wa usiku, ni dhuluma kumwachia askari huyo rungu bila maelezo. Abandikiwe karatasi kibandani: nambari ya daktari, dawa saa moja asubuhi na saa moja usiku, na kwamba zikifika dakika 5 apige simu, hata kama ni saa nane za usiku.