Maelekezo ya kazi kwenye skrini: opereta anapata nini?

Kiwanda kikitangaza kwamba karatasi za maelekezo zinaondolewa na badala yake vinakuja vishikwambi, mafundi wazoefu huguna: mwajiri ametafuta njia mpya ya kutuchunga. Wana sababu. Tangu enzi za Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani aliyepima muda wa kazi za viwandani, kadi ya maelekezo na saa ya kuhesabu sekunde zimekwenda pamoja. Ila karatasi nayo tusiifanye malaika.

Tuchukue boliti za kifuniko cha pampu. Karatasi iliyobandikwa kituoni inasema zikazwe kwa Nm 25 (mita-newton, kipimo cha nguvu ya kukaza). Mhandisi kabadilisha gasketi, yaani kizibo kinachozuia uvujaji kwenye kifuniko, sasa zinatakiwa Nm 32. Waraka unarekebishwa ofisini, nakala zinachapishwa, msambazaji anapita vituo vitano. Kufika cha sita, zamu imeshabadilishana. Opereta wa usiku anafuata kilichoandikwa mbele yake, hakosei hata hatua moja, na asubuhi pampu zake zinavuja kwenye majaribio. Atakayeitwa kujieleza si mhandisi. ISO 9001 ya mwaka 2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kifungu cha 7.5, inataka waraka unaofaa upatikane mahali na wakati unapohitajika, na mabadiliko yake yadhibitiwe. Kwa karatasi, udhibiti huo unategemea miguu ya mtu mmoja mwenye rundo la nakala. Kwenye skrini, toleo la zamani linatoka na jipya linaingia vituo vyote kwa pamoja. Na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ikiunganishwa na mfumo, kila boliti inaacha kumbukumbu ya nguvu iliyokazwa, kwa hiyo aliyefanya kazi sawasawa hahitaji kubishana na msimamizi.

Kwenye laini ya uzalishaji inayochanganya aina nyingi za bidhaa nafuu ni kubwa zaidi: opereta anaskani msimbopau, anaonyeshwa hatua za aina hiyo tu, pamoja na picha ya kiungo chenyewe, badala ya kupekua faili nene kwa mikono yenye mafuta.

Mikono hiyohiyo, kwa kweli, ndiyo inayoshindwa kugusa skrini ikiwa ndani ya glovu. Mtandao ukikatika, kazi inasimama. Na aliyekaa kituoni miaka mingi akilazimishwa kubonyeza “endelea” kila hatua, ataunganisha kwanza, kisha abonyeze zote kwa mkupuo, na kumbukumbu inakuwa ya uongo. Viwanda vingine huskani tu karatasi zilezile na kuzitupia kwenye skrini. Hapo hakuna kilichobadilika ila gharama.

Kule Toyota, Taiichi Ohno, mhandisi aliyejenga mfumo wake wa uzalishaji, alitaka viwango vya kazi viandikwe na watu wa sakafuni wenyewe. Kitufe cha opereta kuripoti hatua isiyotekelezeka, akajibiwa na mhandisi kabla zamu haijaisha, kinakaribia hapo kuliko karatasi yoyote. Suala la kuchungwa linabaki: muda wa kila hatua utumike kurekebisha kazi, usigeuzwe ushahidi wa kumwadhibu mtu. Kiwanda kisichokubali kuliandika hilo kwenye mkataba na chama cha wafanyakazi, basi kiwaachie watu karatasi zao.