Jumla ndo inatubeba

Kabla hamjaendelea kucheka kwenye status ya yule ndugu yangu mnayemjua, eti nimelia kwenye kikao cha kazini, ngoja niseme mwenyewe maana kaongeza chumvi, mimi sikulia. Macho yalilowa tu, AC ilikuwa kali.

Si mnajua tuna maduka manne ya vyombo, rejareja tupu, ndoo moja sufuria moja. Juzi bosi kaniambia kuna mama ana hela zake anataka kuingia ubia, niandae mauzo ya mwezi kwa picha asichoke kusoma. Nikafungua Excel, nikasilekti kuanzia juu mpaka mwisho, nikabonyeza, ikaja chati ya donati tamu hiyo, rangi tano. Maduka manne, rangi TANO, na mimi naangalia tu nafurahi zilivyopangika.

Basi jana niko mbele, projekta inawaka, donati ukutani kubwa kama tairi la fuso. Mama kavaa miwani. Kimya. Kanyoosha kidole. "Kariakoo asilimia 25, Sinza 13, Mbagala 8, Tegeta 4... na hii ya kijani, asilimia 50, Jumla? Kumbe mnauza na jumla?"

Nyie. Mtu mwenye akili zake angegeuka aangalie ukuta. Mimi nikajibu, "Ndiyo mama, tena jumla ndo inatubeba."

Bosi alikuwa anapeleka kikombe mdomoni, kikagoma njiani. Mama akauliza wateja wa jumla wako wapi, nikasikia mdomo wangu unasema "mikoani huko... na Zambia kidogo." Zambia! Hata Tunduma sijawahi kufika mimi. Mama kainamia daftari, naiona kalamu kabisa inachora Z, ndo dada wa mahesabu akakohoa, akasema kwa upole ule unaoua, "Kaka, hiyo siyo jumla ile ya kuuza jumla na rejareja. Ni ule mstari wa chini, milioni 36 ya maduka yote. Umeichukua nayo."

Yaani nusu ya donati ilikuwa donati yenyewe. Na Kariakoo ndo inaleta nusu ya mauzo, nimeishusha mpaka robo, na meneja wake amekaa pale pale ananiangalia (hajanisalimia mpaka sasa).

Mama alicheka, bosi hakucheka, kikao kikaisha, chati nikaitengeneza upya usiku. Leo asubuhi nimemwamkia bosi shikamoo, hajaitikia, kauliza tu, "Wazambia wameshalipa?"