Mapenzi na dola yenye kidonda

Asubuhi hii redio imemleta tena yule mshauri wa mapenzi. Eti ukitaka binti akupende, mtembeze mji, kila juma mahali papya, mioyo itazoeana yenyewe. Sauti laini, ya mtu ambaye hajawahi kubishana na motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Mtembeze mji! Mji upi, ndugu yangu? Huu wetu wa Goma, Kongo ya mashariki?

Haya, tumtembeze, kwa heshima zote.

Mnaanza na moto, yaani pikipiki. Bei mnaikata kabla ya kupanda, maana ukipanda kwanza, mkifika mtaa wa Himbi bei nayo imepanda. Moto ni moja, nyinyi wawili. Ukimweka binti katikati, anayekumbatiwa ni motari. Ukikaa katikati wewe, yeye ananing'inia kwenye chuma cha mzigo, na kila shimo linamkumbusha kwamba mama yake alimkataza. Ukichukua moto mbili, unalipa mara mbili, na yake inatangulia robo saa, unamkuta amesimama barabarani kama mtu aliyekuja kudai deni.

Ziwani, washauri wanapenda mbalamwezi. Sambaza, visamaki vyetu vya Ziwa Kivu, hawaipendi. Wavuvi wanawavuta usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na taa inafanya kazi pakiwa na giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima, sambaza hana sababu ya kwenda kukusanyika chini ya taa ya mtu. Kwa hiyo usiku ule ule wa kushikana mikono ndio usiku sahani inakuja na sambaza wa juzi, wamekaangwa mara ya pili, wanavunjika kama njiti. Anayetaka sambaza wa kweli, wanaotoka kwenye mafuta wakilia, ndimu na pilipili pembeni, aende mwezi ukiwa umekufa, wale vizuri na wasionane sura. Chagua.

Lac Vert, kale kaziwa ka kijani, ni pazuri, sikatai. Ila angalia unapomkalisha. Kale kashimo kenye majani laini, kimya, hakuna upepo, hakuna watu, ndimo mazuku yanamolala. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mabonde kama maji ndani ya beseni, zaidi usiku na alfajiri upepo ukitulia. Huioni. Mbuzi anaanguka kabla ya mchungaji kwa sababu pua yake iko chini. Basi kaeni juu, penye upepo, mbele za watu, wima ikiwezekana. Mapenzi ya wima.

Nyiragongo, volkano yetu, mita 3,470: zamani mwenye magoti alikwenda.

Sasa bili. Hapa ndipo mshauri angetakiwa kusema, akapiga muziki. Mmekula, mmecheka, binti ameanza kukuita kwa jina fupi. Unatoa dola 20. Noti yenyewe ulikwisha kuilaza ndani ya Biblia usiku kucha ili inyooke. Kijana wa meza anaipokea kwa mikono miwili. Umeme hakuna, anawasha tochi ya simu. Anatazama mwaka. Anatazama kichwa kilichochorwa, kama ni kile kikubwa cha noti mpya. Anakwaruza kola ya yule mzee kwa ukucha. Anaivuta: ta, ta. Anaigeuza. Halafu anainama, sauti inakuwa ya msibani.

"Papa, hii haiwezi kupita."

"Juu ya nini?"

"Iko na kidonda."

"Wapi?"

"Hapa."

Mnaiinamia wote watatu. Binti naye anawasha tochi yake. Pembeni kuna mpasuko, mdogo kuliko jicho la sambaza. Unasema hicho ni kivuli. Kijana anaita mwenzake, mwenzake anaita mama wa kaunta, na mama hata haigusi: anatikisa kichwa akiwa mita mbili mbali. Unatoa ya akiba, ile ya kodi ya nyumba. Hiyo ina nukta ya wino wa bluu, mtu fulani alijaribishia kalamu. Haipiti. Zile za dola moja moja usizitoe kabisa, usijiongezee aibu.

Na dakika hiyo hiyo meza ya jirani inarudishiwa chenji: noti ya franga 500 iliyokatika katikati, imeunganishwa na skochi, namba ya kushoto haijuani na namba ya kulia, inanuka samaki, na hakuna hata mmoja anayeiuliza jina! Ya kwetu inaruhusiwa kufa na kufufuka, ya wageni hairuhusiwi hata kukwaruzika! Marekani kwenyewe noti iliyoharibika, ikibaki zaidi ya nusu, serikali yao inaibadilisha. Sisi tumekuwa wakali kuliko wenye nayo! Nani alitoa amri hii? Aje hapa mezani!

Kambisti, mbadilisha fedha, angeichukua, akate dola 2 au 3 kulingana na unyonge wa uso wako, lakini saa hizo amekwisha kufunga kabati yake na kulala. Basi binti anafungua mkoba. Anatoa 20 nyoofu, inanukia upya, kijana hata haiwashii tochi.

"Utanirudishia," anasema. "Lakini ile isiyokuwa na kidonda."

Mabinti hawa noti zao wanazihifadhi wapi? Biblia ni moja!

Na viatu je? Mshauri anasema vaa vizuri. Kiatu cheupe juu ya mawe ya volkano! Kiangazi vumbi jeusi linaingia kwenye mshono wa soli na halitoki kwa kitambaa. Chukua dawa ya meno nyeupe, ile isiyo na rangi za kujipamba, mswaki uliozeeka, sugua ukifuata mshono, acha dakika kumi, kisha suuza kwa maji mengi. Maji mengi! Bomba kavu lina siku ya ngapi leo, ya nne? Ya...

Ngoja. Kuna kitu kinadondoka huko nje. We mtoto, mabido ya maji, yale madumu ya njano, yako wapi? Yote! Kimbia kabla ya mama Furaha!