Nukta Tatu

Asubuhi hii muuza kahawa hata salamu hajamaliza: "Mzee, ile ndege yako imetua wapi? Siku hizi hatuisikii." Ndege! Volkswagen ya 1967, gari la marehemu baba, limekuwa ndege kwa sababu ya stadi moja ya eksozi. Ziko nane. Saba zimetulia na adabu zao.

Nasema stadi kwa sababu mafundi wetu hapa Malindi ndivyo wanavyokiita kile kijiti cha chuma chenye uzi huku na huku, kinachobana eksozi kwenye injini. Stadi mwenye nyama na damu sijamwona bado.

Chumvi ya bahari mwaijua. Inayokula mabati itaiacha stadi iliyoganda ndani ya alumini tangu enzi za baba? Kijana wa kwanza alikuja na spana ndefu kama kasia, akaning'inia. Ikatoka kweli, ikatoka na uzi wote wa kwenye hedi, kile kichwa cha injini, alumini imeizunguka kama machicha ya nazi. Wa pili aliviringisha karatasi ya sigara ile ya kung'aa, akapachika na gundi ya chuma, akala mia tano yangu. Ilishika mpaka Gede.

Wa tatu, wa Maweni, anakaa chini ya mwarobaini, na ana miwani. Nikasema huyu sasa ni fundi.

"Dawa yake springi ya uzi," akaniambia. "Tunapanua tundu, tunakata uzi mpya, springi inaingia, stadi inakaa humo."

Moyo ukatua. Nikamkabidhi karatasi iliyokuja na springi: stadi ya milimita 8, toboa kwa biti ya 8.3. Akaisoma. Akaigeuza. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa chenye oili kuliko injini yenyewe, akaivaa tena.

"Nane nukta tatu."

"Ndiyo, fundi."

"Nane ipo. Tisa ipo."

"Lakini imeandikwa nane nukta tatu."

"Hiyo nukta tatu, ami, ni ya huko inakotengenezwa."

Akatumwa mwanafunzi wake madukani. Duka la kwanza nane na tisa. La pili nane na nusu, na mwenye duka akaringa nayo kweli kweli. La tatu sijui palizungumzwa nini. Kijana alirudi na tochi.

"Basi," fundi akasema, "natia ya nane, halafu mkono nautikisa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha nukta tatu."

Mimi ni mtu mzima, nina kanzu ya Ijumaa na nafasi yangu barazani. Nikamwambia kwa upole, fundi wangu, tundu likienda upande hedi nzima imekwenda. Akanijibu mkono wake haujawahi kwenda upande, na biti tayari ishaanza kulia hewani. Upole ukanitoka. "Wallahi ukitikisa huo mkono nitakutikisa wewe!" Watu wakajaa. Mpita njia akainama, akaniuliza kama nimetazama maji ya rejeta. Gari halina rejeta! Linapozwa kwa upepo tangu lizaliwe! Mwingine akanishauri nimuuzie mmoja wa Wataliano wa hapa Malindi.

Jana biti ikafika kwa basi kutoka Mombasa, imefungwa kwenye gazeti, haizidi kalamu ya risasi. Nikaenda kufungua mlango wa gari kwa furaha. Kwenye kiti cha nyuma kuku wa mke wangu kanikodolea jicho moja. Analalia. Injini nyuma, kuku nyuma.

"Usiliguse," mama watoto akasema toka jikoni, hata hajageuka.

Kuku ni siku 21, na leo ni ya tisa. Mayai 11, na mawili nayajua si ya kuku wetu, rangi yake mbali kabisa. Sasa jirani ameanza kupita pita hapa mlangoni, ati anakuja kunijulia hali ya gari.