Akisahau Anatulia, Basi Anajifanya?

Sina uvumilivu na watu wanaomtazama mgonjwa anayetetemeka kisha wakanong'ona: "Mbona akijisahau anatulia? Hana lolote, ni mawazo." Husema hivyo kwa kujiamini, kana kwamba wamemfumania mwongo.

Mtazame mwenye ugonjwa wa Parkinson. Hakuna anayebisha kwamba seli za ubongo wake zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zimekufa. Lakini mpe hesabu ya kufanya kichwani, uone mkono unavyozidi kutetemeka. Akiganda mlangoni, miguu ikagoma kabisa, mchoree mistari sakafuni. Mara nyingi ataivuka mmoja baada ya mwingine. Seli hazijafufuka. Mwendo wa mazoea ndio ulioharibika, na mistari imempa nafasi ya kuikusudia kila hatua. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha jambo zito zaidi: wagonjwa hawa wakitarajia dawa, hata wakidungwa kisicho dawa, ubongo wao humwaga dopamini. Sasa hapo akili iko wapi na mwili uko wapi?

Wenye distonia, ugonjwa wa misuli kujikaza na kuupinda mwili bila hiari, walionewa zaidi. Shingo inapinda yenyewe, mgonjwa anagusa kidevu kwa kidole, inanyooka. Kwa ajili ya mguso huo, kwa miongo mingi wengi waliambiwa tatizo ni la nafsi. Mwaka 1997 ikapatikana jeni inayosababisha aina mojawapo ya ugonjwa huo.

Wapo pia ambao ubongo wao hauonyeshi jeraha lolote, ila mguu hauwatii. Daktari Charles Hoover alieleza kipimo chao mwaka 1908. Mwambie mgonjwa aliyelala chali akandamize kitandani kisigino cha mguu dhaifu, anashindwa. Mwambie ainue ule mzima huku ukiuzuia, na ule dhaifu unakandamiza wenyewe. Kuna waliokigeuza kipimo hiki mtego wa kumuumbua mtu. Mimi naona ni ukatili, tena ni upumbavu, maana kinachoonekana pale ni habari njema: njia ya neva ni nzima, ila umakini ukielekezwa kwenye mguu, amri inakwama. Siku hizi baadhi ya madaktari humwonyesha mgonjwa mwenyewe jambo hilo, kisha mazoezi yakaanzia pale mwili unapokubali. Kuna wasioweza kwenda mbele lakini wakirudi kinyumenyume wanatembea vizuri, basi huanzishwa kinyumenyume.