Urusi ya Nicholas II haikuwa imelala

Asante mwandishi kwa makala, ila hapo uliposema Urusi ya Tsar (mfalme) Nicholas II ilikuwa nchi iliyolala mpaka mapinduzi ya 1917 yalipoiamsha, sikubaliani nawe hata kidogo. Reli ya Siberia ilianza kujengwa 1891, na daraja la mto Amur kule Khabarovsk likaikamilisha 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Tazama pia picha za rangi za mpiga picha Sergei Prokudin-Gorskii, alizopiga nchi nzima kuanzia 1909 kwa kibali cha Tsar mwenyewe. Kila picha ilipigwa mara tatu, kwa kichujio chekundu, cha kijani na cha bluu, ndiyo maana maji ya mtoni yana michirizi ya rangi: yalisogea kabla hajamaliza. Nchi iliyolala haifanyi hayo!

Kilichokwama ni siasa. Januari 1905 wafanyakazi wa kiwanda cha Putilov, mjini St. Petersburg, waligoma, kisha maelfu wakaandamana na familia zao wakibeba picha za huyo huyo Tsar, wakamiminiwa risasi. Bunge la kwanza, Duma, lilifunguliwa 1906 likavunjwa kabla ya miezi mitatu. Hayo ndiyo yaliyostahili aya nzima, si habari za Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya Tsar.